Jukwaa la Iowa: Historia ya Usomaji wa Hadhara katika Chuo Kikuu cha Mashambani

Chuo Kikuu cha Iowa kilianzishwa mwaka 1847 katika mji wa Iowa City, takriban kilomita 350 magharibi ya Chicago, katikati ya mashamba ya mahindi na mazizi ya nguruwe ambayo hadi leo ndiyo sura ya jimbo hilo la Marekani. Mji wenyewe ni mdogo, hauna bandari wala viwanda vikubwa, na haukuwahi kuwa makao ya wachapishaji mashuhuri, ambao tangu zamani walijikusanya New York na Boston. Hata hivyo, tangu mwaka 1967 zaidi ya waandishi 1,600 kutoka nchi zaidi ya 160 wamealikwa kuishi humo kwa wiki au miezi kadhaa, wakiandika, wakizungumza na wanafunzi, na kushiriki katika desturi ambayo ndiyo kiini cha historia hii, yaani usomaji wa hadhara: mkutano ulio wazi kwa kila mtu, usio na kiingilio, ambapo mwandishi husimama mbele ya wasikilizaji na kuwasomea kazi yake kwa sauti yake mwenyewe.

Mlango wa desturi hiyo ulifunguliwa na mtu ambaye hakuwa mwandishi. Mwaka 1922 Carl Seashore, mwanasaikolojia mzaliwa wa Sweden aliyekuwa mkuu wa masomo ya uzamili chuoni hapo, alitangaza kwamba chuo kingepokea kazi za sanaa, yakiwemo mashairi, hadithi, michoro na tungo za muziki, badala ya tasnifu ya utafiti kwa mwanafunzi anayeomba shahada ya juu. Uamuzi huo ulikwenda kinyume na mazoea ya wakati ule, kwa kuwa vyuo vikuu vingi viliiona fasihi kuwa jambo la kuchambuliwa baada ya mwandishi kuzikwa, na havikuwa na utaratibu wowote wa kumtambua aliye hai na anayeendelea kuandika. Miongoni mwa wa kwanza kunufaika alikuwa Paul Engle, kijana wa Cedar Rapids, mji wa jirani, ambaye diwani aliyoiwasilisha ili apate shahada ya uzamili ilishinda mwaka 1932 tuzo ya washairi chipukizi inayotolewa na Chuo Kikuu cha Yale. Mwaka 1936 mpango huo ulipewa umbo la kudumu kwa kuundwa Warsha ya Waandishi ya Iowa chini ya Wilbur Schramm, na mwaka 1941 Engle akaurithi uongozi, akaushika kwa karibu robo karne.

Neno warsha, kama lilivyotumika hapo, lilikuwa na maana mahususi: wanafunzi wachache huketi pamoja na mwandishi mzoefu, kazi ya mmoja wao ikasambazwa mapema, kisha wote wakaijadili mbele ya mwenye kazi, ambaye kwa kawaida hutakiwa kunyamaza na kusikiliza. Kwa miaka mingi mijadala hiyo ilifanyika katika mabanda ya bati ya kijeshi yaliyojengwa kando ya Mto Iowa. Utaratibu wa namna hiyo hauwezi kusimama bila wageni, kwa sababu mwalimu mmoja, hata awe hodari kiasi gani, huwafundisha wanafunzi wake kuandika kama yeye, na Engle alilijua hilo. Akawaleta Robert Lowell na John Berryman kufundisha ushairi, akamkaribisha Robert Frost kusoma mashairi yake, na mwaka 1965 Kurt Vonnegut akafika kufundisha huku akihangaika na riwaya kuhusu kuteketezwa kwa mji wa Dresden, riwaya ambayo ilipotoka mwaka 1969 ilimfanya ajulikane duniani kote. Wakazi wa mji walizoea kuwaona watu hao madukani na mitaani, wakaenda kuwasikiliza jioni, na polepole ikajengeka hadhira, kitu ambacho hakuna bajeti ya chuo inayoweza kukinunua kwa siku moja.

Lakini hadhira hiyo, hadi kufikia miaka ya 1950, ilikuwa ikisikia karibu Kiingereza peke yake. Engle alianza kuwatafuta wanafunzi kutoka nje ya Marekani, na kutoka Taiwan wakaja vijana ambao baadaye walikuwa nguzo za fasihi ya Kichina ya kisasa, akiwemo mshairi Yu Guangzhong na mwanariwaya Bai Xianyong. Kutoka Afrika akaja Taban lo Liyong, aliyekulia kaskazini mwa Uganda, ambaye mwaka 1968 alikuwa Mwafrika wa kwanza kupata shahada ya uzamili ya sanaa katika Warsha hiyo. Wote hao, hata hivyo, walikuja kama wanafunzi, wakafungwa na masharti ya masomo, mitihani na ada. Mwandishi aliyekwisha kukomaa katika lugha yake, mwenye vitabu na wasomaji nchini kwake, hakuwa na nafasi Iowa, kwa kuwa hapakuwa na la kumfundisha na hapakuwa na cheo cha kumpa.

Aliyeliona pengo hilo na kutaka lizibwe ni Nieh Hualing. Alizaliwa mkoani Hubei, China, mwaka 1925, akahamia Taiwan mwaka 1949, akawa mhariri wa fasihi wa jarida la Ziyou Zhongguo, lililotetea uhuru wa maoni hadi serikali ya huko ilipolifunga mwaka 1960 na kumtia gerezani mchapishaji wake, Lei Zhen. Nieh mwenyewe alibaki chini ya macho ya askari, hana kazi, na mwaka 1964 akakubali mwaliko wa kwenda Iowa. Ni yeye aliyempa Engle wazo la kuanzisha programu ya waandishi wa kimataifa isiyo na darasa wala shahada, ambamo mwandishi angepewa chumba, posho, muda na wasikilizaji. Engle mwanzoni aliliona wazo hilo kuwa gumu mno, kisha akalikumbatia kwa nguvu zake zote, akaiacha Warsha mikononi mwa wengine, na mwaka 1967 kundi la kwanza likawasili. Wawili hao walioana mwaka 1971. Vitabu vingi hulitanguliza jina la Engle, kwa kuwa ndiye aliyekuwa na sauti kubwa mbele ya wafadhili, lakini haki inadai isemwe wazi kwamba Programu ya Kimataifa ya Uandishi ilizaliwa katika akili ya mwanamke aliyejua kwa uchungu wake mwenyewe maana ya mwandishi kunyimwa mahali pa kusemea.

Swali la kwanza lililoikabili Programu lilikuwa la lugha. Mshairi wa Kipolandi au wa Kikorea asimame mbele ya wakulima, wauguzi na wanafunzi wa Iowa asome nini? Jibu lililopatikana lilikuwa kwamba asome kwanza kwa lugha yake, walau kwa dakika chache, kisha tafsiri ifuate, ikisomwa na yeye mwenyewe au na mwenzake. Tafsiri hizo zilihitaji mafundi, na kwa bahati njema chuo kilikuwa nao, kwa sababu tangu mwanzoni mwa miaka ya 1960 kulikuwa na warsha ya tafsiri ya fasihi, mojawapo ya za mwanzo kabisa Marekani, ambayo baadaye iliongozwa kwa miaka mingi na Daniel Weissbort, mwanzilishi mwenza, pamoja na Ted Hughes, wa jarida la tafsiri za ushairi lililoanza London mwaka 1965. Mwanafunzi wa tafsiri alikaa na mwandishi mgeni, mara nyingi bila kuijua vizuri lugha ya mgeni huyo, wakasuluhisha mstari kwa mstari hadi shairi likasimama kwa Kiingereza. Mbinu hiyo ina udhaifu wake, na wataalamu wameijadili sana, lakini iliwezesha kazi nyingi kusikika Iowa kabla hazijachapishwa popote kwa Kiingereza.

Kusikika kwa lugha ya asili kuna uzito zaidi kuliko inavyodhaniwa. Msomaji wa Kiswahili hatahitaji kushawishiwa juu ya hilo, kwa sababu utenzi tangu kale ulitungwa ili ughaniwe mbele ya watu, na mshairi wa Lamu au wa Mombasa alijua kwamba mahadhi ni sehemu ya maana. Katika vyuo vikuu vya Magharibi, ambako shairi lilikuwa limegeuka kuwa kitu cha kusomwa kimyakimya, jukwaa la Iowa liliwarudishia wasikilizaji jambo walilokuwa wamelisahau. Mtu asiyejua neno hata moja la Kiarabu au Kihangari aliweza kusikia mapigo, vina na pumzi za lugha hiyo, kisha akaipokea tafsiri akiwa tayari anajua kwamba anachopewa ni nusu ya kitu kamili.

Siasa za dunia ziliingia ukumbini bila kualikwa. Mwaka 1968 Programu ilimwita Chen Yingzhen, mwandishi wa hadithi fupi wa Taiwan, lakini kabla hajasafiri serikali yake ilimkamata kwa makosa ya kisiasa, akakaa gerezani hadi mwaka 1975. Engle na Nieh hawakuufuta mwaliko wake. Alifika mwaka 1983, miaka 15 baada ya barua ya kwanza, na katika msimu huohuo walikuwapo kutoka China bara Ru Zhijuan na bintiye Wang Anyi, ambaye baadaye alikuwa miongoni mwa wanariwaya wakubwa wa nchi hiyo. Mazungumzo kati ya pande hizo mbili yaliwezekana kwa sababu ya kazi iliyotangulia: mwezi Septemba 1979, miezi michache tu baada ya Marekani na China kurejesha uhusiano wa kibalozi, Programu iliwakutanisha waandishi wa China bara, wa Taiwan, wa Hong Kong na wa ughaibuni, watu wa lugha moja ambao kwa miaka 30 hawakuwa wameweza kuketi katika chumba kimoja. Mwaka 1981 akaja Ding Ling, mwanamke aliyekuwa maarufu China tangu miaka ya 1920, ambaye alipitia uhamisho wa kazi za shamba na kifungo kabla ya kusafishwa jina lake. Mwaka 1977 alikuwa amefika Bessie Head, mzaliwa wa Afrika Kusini aliyeishi Serowe nchini Botswana kama mkimbizi asiye na uraia wa nchi yoyote, kwa kuwa uraia wa Botswana aliupata mwaka 1979 tu. Mwandishi asiye na pasipoti ya nchi yake alialikwa kwa sababu ya vitabu vyake, na jambo hilo pekee linatosha kuonyesha Programu ilikuwa ya namna gani.

Afrika Mashariki ina sehemu yake katika historia hii, na sehemu hiyo haijasimuliwa vya kutosha. Taban lo Liyong alipotoka Iowa alikwenda Chuo Kikuu cha Nairobi, na Oktoba 1968, pamoja na Ngũgĩ wa Thiong'o na Henry Owuor-Anyumba, akatia saini waraka uliodai idara ya Kiingereza ivunjwe na mahali pake ishike idara itakayoiweka fasihi ya Afrika, pamoja na fasihi simulizi, katikati ya masomo. Haitakuwa sahihi kudai kwamba waraka huo ulitoka Iowa, kwa maana mizizi yake ilikuwa katika mijadala ya Waafrika wenyewe, lakini Taban alikuwa ameshaona kwa macho yake chuo kinachompa mwandishi aliye hai hadhi sawa na ya mhakiki, na alirudi na ujasiri wa mtu aliyeona. Mwaka uliofuata Iowa ilimpokea Okot p'Bitek, aliyekuwa ameondolewa katika ukurugenzi wa kituo cha taifa cha utamaduni cha Uganda. Utungo wake mashuhuri, ambao Waswahili waliupata kwa jina la Wimbo wa Lawino katika tafsiri ya Paul Sozigwa, uliandikwa kwanza kwa Kiacholi na umejengwa juu ya sauti ya mke anayelalamika mbele ya ukoo, kwa hiyo ni vigumu kufikiria kazi iliyofaa zaidi kusomwa kwa sauti mbele ya hadhira.

Wa tatu alikwenda na hakurudi. Peter Nazareth, mwenye asili ya Goa, alizaliwa Kampala mwaka 1940, akasoma Makerere na Leeds, akawa mtumishi katika wizara ya fedha ya Uganda. Riwaya yake ya kwanza, In a Brown Mantle, ilitoka mwaka 1972, na ndani yake Waasia wa nchi ya kubuni ya Kiafrika wanatishiwa kufukuzwa; muda mfupi baadaye, mwezi Agosti, Idi Amin akatoa amri ya kuwafukuza Waasia wa Uganda. Nazareth alipata nafasi Yale, kisha mwaka 1973 akaingia Iowa kama mgeni wa Programu, akabakizwa kama mshauri wake na hatimaye akawa profesa wa chuo. Kwa miongo kadhaa yeye ndiye aliyewapokea waandishi wa Afrika, Asia na Karibi waliofika wakiwa wamechoka na wasioujua mji, akawaongoza katika mihadhara na mahojiano. Mengi ya mahojiano hayo yamechapishwa, na ni hazina kwa yeyote anayeichunguza fasihi ya Afrika Mashariki ya kizazi hicho.

Suala la fedha halina budi kuzungumzwa waziwazi. Engle alikuwa hodari wa kuchangisha, na katika enzi ya Warsha aliwaendea wenye viwanda wa eneo lake, ikiwemo kampuni ya Maytag ya mashine za kufulia na kampuni ya nafaka ya Quaker Oats, akiwaambia kwamba uandishi huru ni ngao dhidi ya ukomunisti. Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani ikawa mfadhili mkuu wa Programu kwa nia ileile. Miongoni mwa waliochangia ilikuwamo pia Farfield Foundation, ambayo baadaye ilidhihirika kuwa mfereji wa fedha za shirika la ujasusi la Marekani, CIA. Jambo hilo lina mwangwi Afrika Mashariki, kwa kuwa mkutano wa waandishi wa Afrika uliofanyika Makerere Juni 1962 nao ulidhaminiwa na jumuiya ya uhuru wa utamaduni ambayo fedha zake, kama ilivyofichuliwa miaka michache baadaye, zilitoka kwa shirika hilohilo. Mtafiti Eric Bennett ameyachambua mahusiano haya kwa kina katika kitabu alichokitoa mwaka 2015. Hukumu ya haki ni kwamba nia ya mlipaji na kauli ya mgeni vilikuwa vitu viwili tofauti: waliosimama jukwaani walijumuisha wakomunisti, wapinzani wa vita vya Vietnam na wakosoaji wakali wa Marekani, na wengi wao walirudi makwao na maoni yaleyale waliyokuja nayo. Lakini Programu inayotegemea mkono mmoja hubaki dhaifu siku mkono huo unapokunjwa, na hilo lilikuja kuonekana.

Nieh aliiongoza Programu peke yake kuanzia mwaka 1977 hadi 1988. Engle alifariki Machi 1991 katika uwanja wa ndege wa Chicago, akiwa safarini kwenda Poland. Mwanariwaya Clark Blaise alishika uongozi kwa sehemu kubwa ya miaka ya 1990, na baada yake kilifuata kipindi cha mashaka, ambapo hatima ya Programu yenyewe ilikuwa shakani, hadi mshairi Christopher Merrill alipoteuliwa mwaka 2000. Chini yake makao yalihamia Shambaugh House, nyumba ya zamani ya profesa wa siasa, na ratiba ikatulia katika mfumo unaojulikana na kila mkazi: Ijumaa saa sita mchana mjadala katika maktaba ya mji, jioni usomaji ndani ya Shambaugh House, na Jumapili saa kumi alasiri usomaji katika Prairie Lights, duka la vitabu lililofunguliwa mwaka 1978, ambapo mara nyingi waandishi wageni hupangwa pamoja na mwanafunzi wa Warsha. Mwaka 2008 UNESCO iliitangaza Iowa City kuwa Mji wa Fasihi, wa tatu duniani baada ya Edinburgh na Melbourne. Programu nayo ilianza kutoka nje, na mwaka 2011 Merrill aliambatana na waandishi wa Kimarekani hadi kambi ya wakimbizi ya Dadaab nchini Kenya kuendesha warsha za uandishi kwa vijana.

Miongoni mwa waliopita katika jukwaa hilo ni Orhan Pamuk wa Uturuki, aliyekuwapo mwaka 1985, Han Kang wa Korea Kusini, mwaka 1998, na Mo Yan wa China, mwaka 2004. Wote watatu walipata baadaye Tuzo ya Nobel ya Fasihi. Ya Han Kang ilitangazwa tarehe 10 Oktoba 2024, na siku 11 baadaye, katika mji huohuo wa Iowa City, Nieh Hualing alifariki akiwa na umri wa miaka 99. Hakuuona mtikisiko uliofuata: mwishoni mwa Februari 2025 Wizara ya Mambo ya Nje ilizifuta ruzuku zake zote kwa Programu, zenye thamani ya karibu dola milioni 1, ikavunja kwa barua moja uhusiano wa miongo kadhaa. Mafunzo ya vijana, masomo ya mtandaoni na ziara za nje vilisitishwa. Makazi ya waandishi ya msimu wa vuli hayakufutwa, na Programu iliamua kuendelea kuwapokea waandishi ambao ingeweza kuwagharimia kwa michango na vyanzo vingine.

Desturi hii si lazima ibaki Iowa: vyuo vikuu vya Dar es Salaam, Nairobi, Makerere na Zanzibar vina kumbi, vina wanafunzi wa fasihi, na vimezungukwa na waandishi na malenga wa Kiswahili ambao wengi wao hawahitaji viza wala ndege ili wafike. Kwa vyuo hivyo ombi ni hili: kila muhula aalikwe walau mwandishi mmoja asome kazi yake mbele ya umma, milango ikiwa wazi kwa wakazi wa mji, na sauti yake irekodiwe na kuhifadhiwa katika maktaba ya chuo, kabla wazee waliobaki hawajaondoka na sauti zao.